Nilifuata urojo, nikala sushi

Siku niliyokula sushi mara ya kwanza nilikuwa nimekwenda kununua urojo. Ilikuwa Alhamisi baada ya Isha, Jang'ombe, mjini Unguja, kwenye meza ya mama mmoja ambaye mimi ni mteja wake tangu mwanangu wa kwanza hajaanza chuo. Mama huyu hana haja ya kuniuliza nataka nini. Akiniona tu navuka barabara, keshatia bhajia mbili, kachori moja, mishikaki miwili, chipsi za muhogo juu, na pilipili kidogo tu kwa sababu anajua habari ya vidonda vyangu vya tumbo.

Usiku ule, pembeni ya sufuria lake, palikuwa na kijisanduku cha kioo kimejaa barafu. Nyuma yake kasimama mwanawe wa kiume, kavaa aproni nyeusi, mikono imesafishwa kama ya daktari. Kijana huyu namjua tangu anatumwa dukani kununua viberiti. Alikuwa mpishi katika hoteli moja ya pwani ya mashariki, mpaka mwaka 2020 watalii walipokatika, wafanyakazi wakarudishwa makwao na yeye akiwamo. Alikaa barazani muda mrefu akicheza karata. Sasa naona kakatiwa kona ya meza ya mama yake.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba. Na wewe unauza nini?"

"Sushi, ami."

Nikainama nitazame. Vipande vya duara, vyeusi nje, vyeupe ndani, kama mtu kachukua mpira wa ndani wa baiskeli akaujaza wali halafu akaukata pingilipingili. Mfano huo ulinijia haraka kwa sababu baiskeli naijua. Nimeuza samaki kwa baiskeli miaka ishirini na tatu, tenga nyuma, kengele mkononi, kutoka mnadani Malindi mpaka Kikwajuni, Mwembetanga, Jang'ombe na kurudi, kabla sijapata Vespa. Jodari, nguru, kolekole, changu, tasi, vibua: nifumbe macho unipe ninuse, nitakutajia jina. Kwa hiyo aliponiambia kwamba lile jekundu lililo katikati ya wali ni jodari, tena mbichi, nilicheka kwa sauti mpaka watu wa kwenye benchi wakageuka.

Kwetu Nungwi marehemu mama yangu alikuwa na neno moja: samaki mbichi ni wa paka na kunguru. Baba alikuwa mvuvi, na sikumwona hata siku moja akitia mdomoni samaki ambaye hajaona moto au jua. Samaki alikaangwa, alipakwa, alitiwa nazi, au aligeuzwa ng'onda akaning'inizwa. Mbichi? Hata neno lenyewe tulilitumia kwa mtu asiye na adabu.

"Humu hamna kileo?" nikamwuliza, maana niliwahi kusikia kwamba Wajapani hutia.

"Hotelini tulikuwa tunatia mirin, ami, mvinyo wa mchele. Mimi sitii. Siki, sukari na chumvi, basi."

Nikamwuliza mama yake kama yeye kala. "Mimi sili," akasema huku akikoroga urojo. "Mimi nimemzaa tu."

Kijana akaniambia nisianze na jodari, nianze na pweza, kwa kuwa pweza yeye humchemsha. Hapo ndipo nilipojua kwamba sushi si samaki mbichi. Sushi ni huo wali wenyewe, uliotiwa siki. Juu au ndani yake unaweza kuweka kamba wa kuchemsha, yai, tango, chochote. Samaki mbichi akikatwa akaliwa peke yake, bila wali, ana jina jingine, sashimi. Sisi huku tumechanganya yote tukaiita "ile ya Wachina ya samaki mbichi".

Wali wake nilimwona akiuandaa siku nyingine, na naomba niueleze kidogo kwa sababu ulinifurahisha kuliko samaki. Mchele ni mfupi, anauagiza Dar; akiukosa, siku hiyo hauzi, kwa sababu mapembe yetu hayashikani. Ukishaiva anaumwaga kwenye chano cha mbao, ananyunyiza siki iliyoyeyushiwa sukari na chumvi, kisha anaukata kwa mwiko bila kuuponda, huku mkono wa kushoto unapepea. Anapepea kwa nini? Kwa kipepeo kile kile cha ukili ambacho mama yake anapepelea mkaa wa mishikaki. Ati upepo ule ndio unaoupa wali mng'aro. Na kile kijamvi cha kuviringishia, ambacho Japani hutengenezwa kwa mianzi, yeye kajisukia kwa vijiti vya chelewa akakivika nailoni. Nilipokiona nikasema huyu mtoto hakupoteza muda wake barazani.

Basi, pweza nikamla. Hakuwa na ajabu, pweza ni pweza. Nikachukua cha jodari.

Nilikuwa nasubiri shombo. Niliubana ulimi kama mtu anayekunywa dawa, nikasubiri, na shombo haikuja. Kilichokuja ni ubaridi, halafu ulaini, kama nyama ya dafu lakini yenye kubishana kidogo na jino, halafu utamu wa mbali sana ambao sikuwahi kuuonja kwa jodari aliyepikwa, halafu siki ya wali ikausafisha wote. Nikala cha pili kwa kuwa sikuamini cha kwanza. Nilipofika cha nne mama akanikumbusha kwamba urojo wangu unapoa.

Njiani kurudi nyumbani nilikuwa najiuliza ile shombo imekwenda wapi. Nimeishi nayo kwenye nguo, kwenye mikono, kwenye mto wa kulalia, mke wangu kanilalamikia miaka yote, nikidhani ndiyo harufu ya samaki. Kumbe ni harufu ya samaki aliyechelewa.

Ilinichukua muda kuufikia ufahamu huo mpaka mwisho wake, na kabla ya hapo nilipita kwenye aibu.

Jambo la kwanza nililofanya lilikuwa la kibiashara. Nikamwambia kijana, wewe unahangaika kununua jodari wapi, na mimi niko hapa? Akajibu kwa adabu, akasema tutaona, ami. Jumatatu nikampelekea jodari wa kilo kumi na nne, jicho angavu, matamvua mekundu, nimemvika gunia bichi kama tunavyofanya siku zote. Alivuliwa alfajiri, na hapo ilikuwa saa nane mchana. Kijana akamsifu kwa ukubwa. Kisha akatoa mfukoni kipimajoto chenye sindano, akamchoma mgongoni karibu na uti. Ishirini na sita.

"Hotelini ikizidi nne tulikuwa tunamrudisha," akasema.

Akaniomba ruhusa akate mkia. Akaukata kwa kisu chembamba, akaugeuza juani, akaniita nitazame. Nyama ilikuwa na rangi ya kahawia kuzunguka uti, na katikati ya kahawia ile damu nyeusi imeganda kama lami. Mimi miaka yote natazama jicho na matamvua; mkia nilikuwa nautupia paka.

"Huyu wa mchuzi," nikasema mimi, nikijaribu kuokoa bei.

Akasita. "Ami, samahani. Ningekuwa mimi, hata mchuzi nisingempika."

Sikumjibu. Nilimfunga samaki wangu kwenye gunia nikaondoka, na yule jodari nilimwuza vipande vipande Mwembetanga kabla ya Magharibi, wateja walewale, bei ileile. Kwa wiki mbili nilinunua urojo Kikwajuni, ambao, wenyewe watanisamehe, haufiki robo ya ule wa Jang'ombe. Kila nikiunywa naona nimejiadhibu mwenyewe.

Niliporudi, mama alinitilia bhajia tatu badala ya mbili na hakusema neno. Kijana akaja akakaa nami kwenye benchi. Usiku ule ndipo aliponisomesha.

Kwanza aliniambia jodari lazima achinjwe. Nikacheka tena, safari hii kwa kumhurumia. "Mwanangu, samaki hachinjwi. Hata maiti yake ni halali, hukusoma chuoni?" Akasema amesoma, na kwamba hili si la halali na haramu, ni la damu. Jodari si kama changu. Mwili wake una joto kuliko maji anayoogelea, na akipigana na mshipi anazidi kuchemka. Ukimwacha na damu yake ndani, juu ya ubao wa mashua, kwenye jua, anajipika mwenyewe taratibu. Kwa hiyo hupigwa kichwani asitapetape, hukatwa nyuma ya mapezi damu imwagike baharini, hutolewa matumbo na matamvua, kisha huzikwa ndani ya barafu. Yote ndani ya dakika chache, akiwa bado yumo chomboni. Nusu ya kazi ya mpishi wa sushi, kwa maneno yake, inafanywa na nahodha.

Nikamwuliza habari ya minyoo, maana hilo ndilo watu wa kwenye benchi walikuwa wananitishia nalo. Hakunificha. Samaki wengi wa baharini wana minyoo, na hotelini sheria ilikuwa kuwagandisha kwa baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri siku saba nzima kabla ya kuliwa wabichi. Jodari hana sana tatizo hilo, ndiyo maana hao Wajapani humla bila wasiwasi, na ndiyo maana yeye changu na tasi hamlishi mtu wakiwa wabichi hata umlipe. Mama mjamzito hamuuzii kabisa, humpa cha tango. Nilipenda alivyolisema bila kupepesa.

Halafu akasema lile la tatu.

Jodari, nguru, vibua, sehewa, jamaa wote hao, wakikaa kwenye joto baada ya kufa, vijidudu huanza kutengeneza ndani ya nyama kitu kinachoitwa histamini. Hakina harufu ya kukutahadharisha. Na kikishaingia, moto haukitoi. Kaanga, chemsha, paka, tia nazi, kimo tu. Mtu akila, baada ya muda mfupi uso unakuwa mwekundu, mwili unawasha, kichwa kinagonga, moyo unakwenda mbio. Anaonekana kama mtu mwenye mzio.

Hapo urojo ulinishinda. Nikaweka bakuli chini.

Mwembetanga kuna bibi mmoja. Nilikuwa namuuzia tangu siku za baiskeli. Mwaka mmoja, msimu wa kaskazi, jodari tele mpaka bei imeanguka, nilimpa kipande kizuri kwa bei ya jioni. Kesho yake mjukuu wake akanisimamisha njiani: bibi usiku kucha hakulala, uso umevimba, mwili mzima mapele, wamempeleka hospitali. Nilifanya nini? Nilipandisha sauti, mbele ya watu, nikasema samaki wangu mzima, watu kumi wamekula, kama bibi yenu damu yake mbaya basi asile jodari. Nikaongeza kwamba labda kamchanganya na maziwa. Watu wakaniunga mkono. Tangu siku ile bibi alikuwa ananunua kwangu changu tu, na kila nikipita ananiambia kwa upole, "Mimi jodari ananikataa, baba."

Na si yeye peke yake. Nikaanza kuwahesabu pale benchini: yule fundi cherahani, yule mke wa jirani yangu, wale watoto wawili. Kwa kila mmoja nilikuwa na jibu.

Kijana hakujua kilichonipata. Alidhani nimechoka na masomo, akatoa simu anionyeshe kitu cha kunichangamsha: mnada wa samaki wa Toyosu, Tokyo, Januari 2019. Jodari mmoja, wa ile aina yao kubwa ya bahari za baridi, kilo 278, kauzwa yeni milioni 333.6, zaidi ya dola milioni 3. Dalali anapiga kelele na kurusha vidole, sawasawa na Malindi, nusura nimjibu. Lakini niliangalia wanunuzi. Wanapita na tochi, wanachuchumaa, wanamulika mkia uliokatwa. Hakuna aliyekuwa anatazama jicho.

Aliniambia na mengine, nami nimeyahifadhi kwa sababu yananipa cha kusema nikikaa na watu. Kwamba sushi ya kubonyeza kwa mkono ilianza kuuzwa barabarani Edo, ndiyo Tokyo ya leo, mwanzoni mwa karne ya 19, kwenye vibanda, mtu anakula amesimama na kwenda zake, kama urojo. Kwamba zamani zaidi ya hapo wali ulikuwa wa kuhifadhia samaki tu, ukachachuka, samaki akaliwa na wali ukatupwa. Kwamba ile nyama ya tumbo la jodari, yenye mafuta, ambayo sasa ndiyo ghali kupita zote, zamani kabla ya majokofu ilikuwa inaoza haraka mpaka ikaitwa kwa jina la kudharau, yaani hata paka huiruka. Nikamkumbuka mama.

Na ile karatasi nyeusi ni mwani. Hili sikulimeza upesi, kwa sababu dada yangu kaolewa Jambiani na amelima mwani tangu miaka ya tisini, kiuno kimekwisha kwa kuinama majini, na hajawahi kuutia mdomoni. Mwani wake unakaushwa, unatiwa kwenye magunia, unakwenda nje kutolewa utomvu wa kugandishia vyakula na dawa za meno. Huu wa sushi ni wa jamii nyingine, unakuja Zanzibar kwa pakiti. Nilipomsimulia dada, hakutaka habari ya sushi hata kidogo, alitaka kujua wenzake huko wanalimaje. Nikamwambia nilichosikia: kwamba Wajapani wenyewe kwa miaka mingi hawakujua mbegu ya mwani ule inajificha wapi msimu ukipita, mavuno yakawa bahati nasibu, mpaka mwaka 1949 mwanamke mmoja mwanasayansi wa Uingereza, Kathleen Drew-Baker, alipogundua kwamba hukaa ndani ya magamba ya chaza na kombe. Hadi leo, kule Uto, mji wa Japani, wakulima humkumbuka kila mwaka. Dada alinyamaza. Mwani wake wa bei nzuri, ule wanaouita kottonii, umekuwa ukifa kila maji yakipata moto, amebaki na ule wa bei ndogo. "Na sisi atuletee mtu wetu," akasema, akaendelea kufunga kamba zake.

Mimi nilirudi kwenye jodari. Nilikwenda Nungwi kwa nahodha mmoja tuliyekua pamoja, nikampelekea sanduku la barafu na maneno: utakayempata, mchinje, mtoe matumbo, mzike humu, nitakuongezea shilingi elfu moja kila kilo. Mabaharia wake walinicheka wiki nzima. Waliniita Mjapani, na jina hilo limeganda mpaka mnadani. Barafu inakula faida, sitasema uongo. Siku nyingine, nikipiga hesabu, naona ningepata zaidi kwa gunia bichi. Samaki wa kwanza walimchinja vibaya, wa pili wakasahau matumbo. Wa tatu kijana alimchoma sindano, akatazama, akaifuta, akamchoma tena. Tatu. Akakata mkia, na nyama ilikuwa nyekundu kama tikiti.

Alichukua nusu. Nusu nyingine nikaiweka kwenye barafu, nikawasha Vespa, nikaenda Mwembetanga.

Bibi alikuwa barazani anachambua mchele. Nikamsalimia, nikafungua sanduku.

"Jodari?" akasema. "Baba, si ulisema mwenyewe damu yangu mbaya?"

Miaka yote ile alikuwa hajanitajia. Nikamwambia nilisema, bibi, na nilikosea, ubaya ulikuwa wa samaki wangu. Nikamweleza habari ya barafu, vibaya vibaya, kwa sababu nilikuwa najikanyaga. Habari ya kumla mbichi sikuithubutu. Akachukua kipande, akakinusa mbele, akakigeuza, akakinusa nyuma.

"Mbona hanuki?"

Akamwita mjukuu akune nazi. Nilikaribishwa nile nao, nikasema nimeshiba. Nikakaa barazani mpaka alipomaliza kula, nikamwona ananawa, anarudi kwenye ungo wake, uso ni uleule. Nikakaa saa nyingine moja.